Mhariri, huo mchoro wa atomu uwekeeni mwaka

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Dodoma, huku jua ni kali na vumbi ndo hilo hilo mnalolijua. Mimi sio msomi wa kujitangaza, nina stesheneri ndogo hapa Nkuhungu, natoa kopi, naprinti, nauza madaftari na kalamu, na gazeti lenu nalinunua karibu kila siku sababu mteja akikaa kwenye benchi kusubiri kopi zake bila kitu cha kusoma ataanza kuniangalia mikono, na mimi nikiangaliwa mikono karatasi inakwama kwenye mashine papo hapo.

Sasa wiki iliyopita kwenye ule ukurasa wenu wa wanafunzi mmeweka somo la atomu. Pale juu mmeandika kwamba atomu ni chembe ndogo kabisa ya kitu, haiwezi kugawanyika. Alafu chini yake, hata sentimita tano hazifiki, mmeweka mchoro, kidude katikati na vijiduara vinakizunguka kama sayari zinavyozunguka jua, na mishale inayoonyesha elektroni, protoni, nyutroni. Binti yangu yuko kidato cha pili, akitoka shule anakuja kukaa na mimi dukani, akausoma ule ukurasa akanyamaza kidogo alafu akaniuliza, "Mama, kama haigawanyiki, hivi vitatu wamevitoa wapi?"

Mhariri, mimi fizikia nilipata D, na hiyo D nayo nadhani nilihurumiwa. Nikamwambia mwanangu subiri nimalizie kopi za watu. Ila swali likanikaa. Bahati nzuri nina mteja wangu, kijana anasoma fizikia hapo UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anapenda kuprinti kwangu kwa sababu namkopesha, siku alipokuja nikamwambia leo hulipi hela, leo unalipa kwa maelezo. Akacheka, akakaa, umeme nao ukakatika, basi mchana mzima ukawa wetu. Haya ninayoandika mengi ni yake, mengine nimeyasoma mwenyewe kwenye makaratasi yanayopita hapa kwenye mashine, maana miaka tisa ya kutoa kopi za notisi za watu sio midogo.

Nilichogundua ni hiki, kwamba hamjaandika uongo. Ile sentensi yenu ya juu ni ya kweli, ila ni kweli ya mwaka 1808. Mchoro wa chini ni wa mwaka 1913. Na humo ndani ya mchoro mmechomeka nyutroni, ambayo mwaka 1913 hakuna binadamu aliyekuwa anaijua, ilipatikana 1932. Alafu huo mchoro wenyewe wa sayari wanasayansi waliuweka pembeni kuanzia miaka ya 1925, 1926. Yaani ni kama mtu amechukua picha ya babu akiwa kijana, akabandika kichwa cha mjukuu, akaandika chini "familia yetu". Mtoto akiuliza nani ni nani humo ndani tunamwambia mbishi.

Ngoja niwaeleze nilivyoelewa mimi, mkiona nimepotea mnirekebishe.

Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake kitu kisichokatika. Karne ya tano kabla ya Kristo kulikuwa na Leucippus na mwanafunzi wake Democritus, wakasema ukikata kitu, ukakata, ukakata, utafika mahali kisu hakiendi tena. Hawakupima chochote, walikaa wakafikiri tu. Akaja Aristotle akasema hamna, kila kitu ni udongo, maji, hewa na moto, na kwa vile Aristotle alikuwa na jina kubwa watu wakamfuata miaka kama elfu mbili hivi. Hapo sina la kuongeza, jina kubwa linavyofanya kazi hata huku mtaani tunalijua.

Kilichonifurahisha mimi ni huyu Dalton. John Dalton, mwalimu tu wa Manchester huko Uingereza, sio tajiri, haoni rangi vizuri (nyekundu ilikuwa inampiga chenga), na alikuwa na tabia ya kuandika hali ya hewa kwenye daftari, kuanzia mwaka 1787 mpaka anakufa 1844. Kila siku joto, mvua, upepo. Huku kwetu mtu kama huyo tungemuita kuja kutuambia mvua ya Dodoma imeishia wapi. Basi hapo kwenye kushughulika na hewa ndo akaingia kwenye atomu. Mwaka 1803 akawa ameshaanza kuandika uzito wa atomu kwenye daftari lake, na 1808 akatoa kitabu.

Sasa alijuaje na hajawahi kuiona? Hapa kijana alinichukulia mfano wa mkaa. Mkaa ukiungua vizuri unatoa hewa moja, ukiungua kwa shida, hewa haitoshi, kama mtu amefungia jiko chumbani akalala, unatoa nyingine, ile inayoua watu kimyakimya. Zote mbili ni kaboni na oksijeni tu. Ukipima, hiyo ya kuua gramu 3 za kaboni zinachukua gramu 4 za oksijeni. Ile nyingine gramu 3 zilezile zinachukua gramu 8. Mara mbili kamili. Hamna 5, hamna 6 na nusu, ni 4 au 8. Nikamwambia kijana hii mbona naijua! Mimi kalamu nauza shilingi 500. Nikimwachia binti duka nikarudi, mauzo ya kalamu nikakuta ni 500, au 1,000, au 1,500, na hata siku moja sijakuta 700, basi hata kama sijawahi kuiona kalamu maishani mwangu najua hiki kitu kinauzwa kimoja kimoja, hakikatwi. Hela za kwenye droo zimeniambia. Dalton alisoma droo, basi.

Na alikosea pia, tusimfanye malaika. Maji aliamini ni haidrojeni moja na oksijeni moja. Leo hata mtoto wa darasani anajua haidrojeni ni mbili. Na hilo la kutogawanyika, ambalo ndo mmelichapa nyie wiki iliyopita, nalo lilikuja kuanguka, ila kwa wakati wake, kwa vipimo vyake, kwanini asiseme hivyo? Hakuna kitu alichopima kilichomwonyesha atomu ikivunjika.

Kingine ambacho sikukijua kabisa ni kwamba baada ya Dalton karibu miaka mia moja bado maprofesa wakubwa walikuwa wanakataa kwamba atomu ipo. Ernst Mach kule Vienna alikuwa haamini. Walikuwa wanaitumia kwenye hesabu kama tunavyotumia x, sio kama kitu. Kilichowamaliza ni vumbi, Mhariri. Mlango wangu wa duka una tundu, asubuhi jua la saa mbili linaingia kama fimbo, na humo ndani vumbi linacheza. Nilikuwa nadhani ndo vumbi hilo hilo, kijana akanikatalia, akasema hilo mama linasukumwa na upepo, la kwako ni kubwa mno. Mwaka 1827 bwana mmoja mtaalamu wa mimea, Robert Brown, aliangalia kwa hadubini vijichembe vidogo sana kutoka kwenye chavua, viko ndani ya maji yaliyotulia, akaona vinatetemeka, havitulii. Akadhani vina uhai. Akajaribu unga wa mawe, nao ukatetemeka. Mawe hayana uhai. Ikabaki hivyo miaka na miaka bila jibu la kueleweka.

Mwaka 1905, Wajerumani ndo wanaanza kujenga reli ya kati pale Dar kuja huku kwetu, mwaka huohuo Einstein akaandika kwamba hivyo vijichembe vinapigwa makonde na molekuli za maji, yaani vifurushi vya atomu zilizoshikana, kutoka kila upande, na akatoa hesabu ya vitasogea umbali gani kwa muda gani. Jean Perrin akakaa na hadubini yake Paris, kuanzia 1908, akipima kisogeo kimoja kimoja, na hesabu ikakubali. Akapewa Nobel 1926. Hapo ndo wabishi wengi wakanyoosha mikono. Fikiria, babu yangu mzaa babu alikuwa ameshazaliwa.

Na kichekesho ni kwamba wakati wanabishana kama atomu ipo au haipo, kuna mtu ameshapata kipande chake! J. J. Thomson, Cambridge, 1897. Hapa naomba mnielewe vizuri maana hii ndo sehemu nilipiga kelele mpaka jirani wa saluni akachungulia. Nani kati yenu hajawahi kuwa na TV ya chogo? Sisi tulikuwa nayo, na kaka yangu alikuwa na spika mbovu ameitoa sumaku, siku moja akaisogeza karibu na kioo cha TV, rangi zikajikunja, uso wa mtangazaji ukawa wa kijani upande mmoja na zambarau upande mwingine, na baba alivyorudi tulichapwa wote. Kumbe tulikuwa tunarudia jaribio la Thomson bila kujua! Kile chogo ni chupa iliyotolewa hewa, nyuma kuna kitu kinarusha elektroni kuja mbele kwenye kioo, na sumaku inazipindisha. Thomson alikuwa na chupa kama hiyo, ndogo, ametengenezewa na msaidizi wake maana mwenyewe alikuwa mzito wa mikono, akapindisha mwale kwa sumaku na kwa umeme, akapima umepinda kiasi gani, akaona hizi ni chembe na ni nyepesi kuliko atomu nyepesi kuliko zote, ambayo ni haidrojeni, leo tunajua ni kama mara 1,836 nyepesi kuliko kiini cha haidrojeni (kiini ni kile kidude cha katikati, nitakifikia). Na akibadilisha chuma kilichopo ndani ya chupa, chembe zinatoka zilezile. Kwa hiyo ziko ndani ya kila kitu.

Ziko hata kwenye mashine yangu. Kijana akanionyesha ile dramu, akasema mama hii inapewa chaji ya umeme, mwanga ukipiga sehemu nyeupe ya karatasi chaji inaondoka, penye maandishi inabaki, na tona, ule wino wa unga, inang'ang'ania palepale penye chaji. Miaka tisa nauza elektroni nikidhani nauza kopi. Na ndo maana wakati wa kiangazi, hewa ikikauka huku Dodoma, karatasi zinagandana mbili mbili mpaka natukana.

Basi Thomson akajiuliza, kama ndani kuna elektroni na zina chaji hasi, iliyobaki lazima iwe chanya ili zisawazishane. Mwaka 1904 akasema atomu ni kama tonge la chaji chanya na elektroni zimechomekwa humo. Waingereza wakaifananisha na aina ya keki yao yenye zabibu kavu. Sisi wa Dodoma, watu wa zabibu, hiyo tungeielewa siku ya kwanza.

Keki hiyo haikumaliza hata miaka kumi. Na aliyeivunja ni mwanafunzi wake mwenyewe Thomson, Ernest Rutherford, mtoto wa shamba kutoka New Zealand. Huyu alishapewa Nobel 1908, angeweza kukaa akala pensheni, lakini mwaka 1909 kule Manchester akamwambia Hans Geiger na kijana wa miaka 20 anaitwa Ernest Marsden, ambaye hata digrii hajamaliza, warushe chembe alfa, vijichembe vyenye chaji chanya vinavyotoka kwenye vitu vyenye mionzi, kwenye karatasi ya dhahabu. Dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi yoyote niliyowahi kushika mimi. (Dhahabu hiyo ya kwetu ya Sekenke kule Iramba ilichimbwa enzi za Mjerumani, najua haihusiani, ila nilimwambia kijana na yeye akashangaa.) Kazi yenyewe ilikuwa ya kuumiza macho. Wanakaa gizani kwanza mpaka macho yazoee, alafu wanaangalia kwa hadubini kioo kilichopakwa dawa, kila chembe ikigonga kinatoa kimulimuli kidogo, wanahesabu. Moja, mbili, tatu. Masaa. Mimi mtu akinipa kurasa 300 nihesabu kwa mkono naomba mashahidi.

Kama atomu ni keki, chembe zote zinapita, labda zinapinda kidogo. Na kweli karibu zote zilipita. Ila moja katika maelfu ilirudi nyuma! Ilikuja ilikotoka. Rutherford mwenyewe alikuja kusema ni kama umepiga kombora la mzinga kwenye karatasi laini likarudi likakupiga wewe. Alikaa na hilo jambo zaidi ya mwaka, na 1911 akatoa jibu, kwamba karibu uzito wote wa atomu uko kwenye kitu kidogo mno katikati, kiini, na sehemu nyingine yote ni kama hamna kitu.

Kidogo kiasi gani? Nilimsumbua hapo kijana. Akasema mama chukua Uwanja wa Jamhuri, ile sehemu ya kuchezea mpira kutoka goli hadi goli. Hiyo ndo atomu ya dhahabu. Kiini ni punje ya mtama imewekwa kati. Punje moja. Na hiyo punje ndo ina karibu uzito wote wa uwanja. Nikamuuliza, sasa kama ni patupu hivyo mbona mkono wangu hauzami kwenye meza? Akasema elektroni za mkono na za meza zinakataana, na juu ya hapo kuna sheria aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925, kwamba elektroni mbili haziwezi kukaa hali moja mahali pamoja. Yaani siti moja abiria mmoja. Nikasema basi huyo Pauli hajawahi kupanda daladala ya kwenda Nzuguni saa kumi na mbili jioni.

Sasa ndo tunafika kwenye mchoro wenu. Kiini kikishajulikana kiko katikati, watu wakasema elektroni zinazunguka kama sayari. Tatizo likaja, kwa sheria za umeme zilizojulikana wakati ule elektroni inayozunguka lazima itoe mwanga, ikitoa mwanga inapoteza nguvu, ikipoteza nguvu inaanguka kwenye kiini, na hesabu inasema itaanguka kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo kila kitu duniani kingekuwa kimeshajikunja zamani. Niels Bohr, Mdenmark wa miaka 27, mwaka 1913, wakati reli yetu imeshapita Tabora inaelekea Kigoma, akasema elektroni haizunguki popote inapotaka. Ina ngazi zake. Inasimama ya kwanza, au ya pili, au ya tatu, kati ya ngazi na ngazi hakuna pa kukanyaga, na ikishuka ngazi inatoa mwanga wa rangi moja maalum. Jaribuni jikoni, chumvi ikidondoka kwenye moto wa jiko la gesi ule moto wa bluu unageuka njano, njano ileile kila siku. Ni elektroni za sodiamu zinashuka ngazi. Mimi nilimwaga chumvi makusudi jioni ile mbele ya binti, tukamwaga tena na tena mpaka nikaona tunamaliza pakiti.

Huo mchoro ukaijibu haidrojeni vizuri sana. Haidrojeni ina elektroni moja. Ukaenda kwa heli, yenye mbili tu, ukashindwa. Mbili tu! Alafu ikaonekana elektroni ina tabia za wimbi, na 1926 Erwin Schrödinger akatoa mlinganyo wake, na mwaka uliofuata Werner Heisenberg akaonyesha kwamba huwezi kujua kwa pamoja elektroni iko wapi hasa na inaenda kasi gani hasa. Njia ya duara ikafa hapo. Kilichobaki wanakiita wingu. Kijana alinipa mfano ambao nimeupenda, mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi wanakuja kwenye taa. Tuseme yupo mmoja tu. Piga picha moja, yuko hapa. Nyingine, yuko pale. Piga picha 1,000, zitoe kopi kwenye karatasi inayopitisha mwanga, zipange moja juu ya nyingine. Utaona ukungu, mzito karibu na taa, mwepesi mbali. Huo ukungu ndo mchoro wa atomu. Alafu akaniharibia raha, akasema ila mama kumbikumbi ana njia anayopita hata kama hatuioni, elektroni hata hiyo njia hatuwezi kusema anayo. Hapo nilimuomba tuishie, nikamchemshia chai.

Kiini nacho kikaendelea kufunguliwa. Yupo kijana mmoja Henry Moseley ambaye mwaka 1913 kwa kutumia miale ya eksirei alionyesha namba ya kila elementi, yaani kila aina ya atomu kama dhahabu au oksijeni, ni chaji ya kiini chake, haikuwekwa kwa kubahatisha, mwaka 1915 akapigwa risasi vitani Gallipoli ana miaka 27. Iliniuma, sijui kwanini. Rutherford mwaka 1919 akatangaza amegonga kiini cha naitrojeni kikatoa kiini cha haidrojeni, ndo protoni hiyo. James Chadwick 1932, nyutroni. Desemba 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann Berlin wakarusha nyutroni kwenye urani wakakuta bariamu, ambayo atomu yake ni nyepesi sana kuliko ya urani, na aliyeelewa kwamba atomu imepasuka vipande viwili ni Lise Meitner pamoja na mpwa wake Otto Frisch, akiwa Sweden amewakimbia Wanazi. Miaka saba isiyofika, Hiroshima na Nagasaki. Huku kwetu neno atomu likitajwa watu wanawaza hilo bomu, au wanawaza urani iliyokutwa ardhini kule Bahi na Manyoni, hakuna anayewaza wagonjwa wa saratani wanaopigwa mionzi hospitali ya Ocean Road Dar wakarudi nyumbani. Kuanzia 1964 hata protoni yenyewe ikaanza kusemwa ina vitu ndani, vinaitwa kwaki, na miaka minne mbele majaribio kule Stanford, Marekani, yakaonyesha ni kweli. Kwa hiyo kile kisichogawanyika kimegawanyika, na kipande chake nacho kimegawanyika. Elektroni mpaka leo imegoma.

Sasa Mhariri, mtanijibu kama alivyonijibu ticha mmoja wa kemia anayeletaga mitihani kutoa kopi, tena kwa hasira kidogo. Alisema mama usimchanganye mtoto, mtihani unataka duara na elektroni mbili, nane, mtoto akichora wingu anapata sifuri. Sikubishana naye, ana hoja, na mimi mwenyewe ndo ninayetoa kopi za hiyo mitihani nikalipwa. Achore duara. Lile duara linasaidia kuhesabu elektroni za nje, linasaidia kujua nini kinaungana na nini, halina ubaya. Lakini kuandika "1913" chini ya duara hakumnyimi mtu maksi, na kuandika "1808" pembeni ya ile sentensi hakuhitaji wino mwingi. Picha ya harusi ya mama yangu ina mwaka nyuma, ndo maana nikiona gauni lile siulizi kwanini alivaa hivyo. Na hawa watoto wetu shule ya msingi wanasoma kwa Kiswahili, wakifika sekondari kila kitu kinageuka Kiingereza, atomu wanaikuta ndani ya lugha ambayo bado wanaihangaikia. Ukurasa wenu ni mahali pachache ambapo wanaweza kuisoma kwa maneno wanayoyaelewa kwa mara ya kwanza, kwahiyo mkiwachanganyia miaka humo hawana pengine pa kwenda kuuliza, labda stesheneri.

Binti yangu ameshaukata ule ukurasa wenu. Ameandika miaka kwa kalamu nyekundu, 1808 pale juu, 1913 kwenye duara, 1932 kwenye mshale wa nyutroni, na pembeni amechora ukungu kwa penseli akauandikia 1926, kidole chake kimemsaidia kufifisha kingo. Tumeubandika ukutani juu ya mashine. Juzi mtoto wa darasa la sita alikuja kununua rula, akausoma wote huku ameshika chenji mkononi, alafu akaniuliza, "Mama, na ya mwaka huu iko wapi?"

Nimemwambia nitawauliza nyie.

Mama wa stesheneri,
Nkuhungu, Dodoma